Nabii akisema "Mungu ameniambia", utajuaje kama ni kweli?

Tuseme ni mama mmoja wa Kadutu, katika mji wa Bukavu. Anauza makala kando ya barabara. Ana tansio, na kila asubuhi anameza kidonge alichopewa kwenye kituo cha afya. Siku moja jirani anamwambia: "Twende ku maombi, kule shida zinaisha." Wanaenda. Siku ya tatu ya kufunga, nabii anamwita mbele ya watu wote: "Mama, Mungu amekuponya leo. Ile dawa ya nyumbani uilete hapa. Ukiendelea kuinywa, unasema Mungu ni mwongo."

Watu wanapiga makofi. Mama anarudi nyumbani, anakaa kitandani, kifuko cha vidonge kiko mkononi. Anampenda Mungu. Hataki kumwita Mungu mwongo. Lakini anakumbuka pia dada yake aliyeanguka ghafula na upande mmoja wa mwili ukafa. Afanye nini?

Mama huyu tumemchora sisi ili kufungua mazungumzo. Swali lake lakini ni la watu wengi katika mitaa yetu, Bukavu, Goma, Butembo, Uvira mpaka Lubumbashi. Kuna anayeambiwa auze kiwanja, kuna anayeambiwa mtoto wake ni mchawi, kuna anayepewa tarehe ya mwisho wa dunia. Wote wanasikia neno moja: "Mungu ameniambia." Mkristo mwenye imani ya kweli, asiyetaka kumdharau Mungu wala kudanganywa na mtu, atapima namna gani?

Makala haya hayataji kanisa fulani kuwa zuri au baya. Yanataka kuonyesha kitu kimoja: Biblia yenyewe inamruhusu mwamini kupima, tena inamwamuru. Na mafundisho ya kweli hayaogopi kupimwa.

Sauti zimekuwa nyingi

Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo makanisa yalihesabika kwa vidole. Mwishoni mwa mwaka 1971 serikali ya Mobutu ilitoa sheria iliyobana dini. Kwa Wakristo, mlango ulibaki wazi hasa kwa Kanisa Katoliki, kwa Waprotestanti waliokusanywa ndani ya Kanisa la Kristo katika Congo, ECC, na kwa Kanisa la Kimbangu. Vikundi vingine vilipaswa kuingia chini ya mwavuli huo, ao kufunga.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Vyama vikazaliwa, magazeti yakazaliwa, na makanisa ya uamsho yakazaliwa pia. Kisha vita vikaja, mishahara ikapotea, watu wakahama vijiji. Mtu aliyepoteza kila kitu anatafuta mahali pa kulia na mtu wa kumwekea mkono. Makanisa mengi madogo yalifanya kazi hiyo vizuri: yalizika maiti, yalilisha wakimbizi, yalitoa vijana kwenye pombe. Tusisahau hilo. Ukubwa wa kanisa, umri wake ao bati lake halitoshi kusema kama mafundisho yake ni ya kweli.

Historia yetu wenyewe inatufundisha tusitupe neno "nabii wa uongo" hovyo. Mwaka 1921 Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa kule Nkamba. Aliwaambia watu waache hirizi na waache kuoa wake wengi. Wabelgiji waliona umati unamfuata wakaogopa. Miezi michache tu na alikuwa amekamatwa, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafia Elisabethville, leo Lubumbashi, mwaka 1951. Wenye nguvu za wakati ule walimwita hatari na mdanganyifu. Leo mamilioni ya Wakongomani wanamheshimu, hata wengi ambao si waamini wa kanisa lake. Kwa hiyo haitoshi kusema "huyu ni mpya" ao "wakubwa hawamtaki". Kipimo kinapaswa kutoka mahali pengine.

Hata Paulo alipimwa

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 17, Paulo na Sila wanafika katika mji wa Beroya. Watu wa pale walimsikiliza Paulo kwa moyo, halafu wakarudi kila siku kwenye Maandiko kuangalia kama anayosema ni kweli. Mwandishi hawaiti watu wasio na imani. Anawasifu. Anasema walikuwa na tabia bora kuliko wengine.

Fikiri kidogo: aliyekuwa anapimwa ni Paulo, mtume mwenyewe. Kama Paulo alipimwa na wasikilizaji wa kawaida na hakukasirika, ni pasta gani wa mtaa wetu aliye juu ya kupimwa? Paulo mwenyewe aliwaandikia Wathesalonike wasidharau unabii, lakini wajaribu mambo yote na washike lililo jema. Mambo hayo mawili yanaenda pamoja. Na Yohana, katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, aliwakataza wapendwa wake kuamini kila roho bila kuijaribu.

Hapa ndipo wengine wanatoa jibu ambalo tumelisikia mara nyingi: "Yule ni mpakwa mafuta wa Bwana. Usimuguse hata na mdomo." Maneno hayo yanachukuliwa kutoka habari za Daudi na mfalme Sauli. Tuisome habari yenyewe, 1 Samweli sura ya 24. Daudi anamkuta Sauli pangoni. Anakataa kumwua juu ni mpakwa mafuta. Sawa. Lakini kisha anatoka nje, anamwita Sauli kwa sauti mbele ya askari wote, na anamwambia wazi kwamba amemkosea. Daudi alizuia upanga, hakuzuia ukweli.

Siku Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme na mpakwa mafuta, akachukua mke wa mtu na kumwua mume wake, nabii Nathani aliingia nyumbani mwake na kumwonyesha kosa lake. Na Paulo aliandika katika Wagalatia sura ya 2 kwamba alimpinga Petro uso kwa uso kule Antiokia, mbele ya watu wote. Petro alikuwa mkubwa kuliko wachungaji wote tunaowajua. Basi mtu anayetumia neno "mpakwa mafuta" kwa kufunga vinywa vya watu analitumia kinyume na Biblia anayoishika.

Manabii wawili, jina moja la Mungu

Shida kubwa si pale mtu anapokuja na jina la Shetani. Huyo tutamkimbia wote. Shida ni pale watu wawili wanapokuja na jina la Bwana, na maneno yao yanapingana. Biblia ina habari ya namna hiyo, na inafaa isomwe pole pole: Yeremia sura ya 27 mpaka 29.

Yerusalemu imekwisha kushindwa mara moja na Babeli. Watu wengi wamepelekwa uhamishoni, vyombo vya hekalu vimebebwa. Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni, kama ile ya ng'ombe, na anasema: mtumikieni mfalme wa Babeli mkaishi, uhamisho huu utakuwa mrefu. Hakuna aliyependa maneno hayo.

Ndipo anatokea Hanania. Naye ni nabii. Naye anasema Bwana ndiye aliyemtuma. Anatangaza kwamba ndani ya miaka miwili tu vyombo vyote vitarudi, na watu wote watarudi. Anachukua ile nira kutoka shingo la Yeremia na kuivunja mbele ya watu. Tunaweza kuwaza vigelegele vya siku ile.

Yeremia anajibu nini? Kwanza anasema amina, Bwana na afanye hivyo. Alitamani Hanania awe na haki! Lakini anaongeza kwamba nabii anayetabiri amani anajulikana siku neno lake linapotimia. Kisha anaenda zake. Mwaka uleule Hanania alikufa, na vyombo havikurudi. Yeremia naye aliwaandikia wahamishwa barua yenye maneno magumu lakini yenye msaada: jengeni nyumba, pandeni bustani, zaeni watoto, uombeeni mji mliomo.

Kwa sisi wa mashariki ya Congo habari hii inagusa kidonda. Miaka ya vita imetupatia akina Hanania wengi: vita vitaisha mwezi fulani, utarudi kijijini kabla ya Noeli, visa yako imekwisha kutoka mbinguni. Tunapenda kusikia hivyo juu tumechoka. Lakini aliye kambini akiambiwa atarudi baada ya wiki mbili, hapandi hata mboga, haandikishi mtoto ku masomo. Wiki mbili zinapita, mwaka unapita. Neno tamu lililo la uongo linamwibia mtu siku zake. Neno gumu la Yeremia liliwaacha watu wakiwa hai, na nyumba, na bustani.

Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inatoa kipimo rahisi: nabii akisema jambo kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, hilo si neno la Bwana. Usimwogope. Lakini watu wetu wanasahau haraka. Unabii ukianguka, nabii anasema "hamkuomba vya kutosha", na kosa linahamia kwa wasikilizaji. Ndiyo sababu ni vizuri kuandika. Andika kwenye daftari: tarehe, nani, alisema nini. Daftari halisahau.

Tusifikiri kwamba ni mchezo. Karibu na mpaka wetu, kule Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kundi moja lililoongozwa na Joseph Kibweteere na Credonia Mwerinde liliwafundisha watu kwamba dunia itaisha pamoja na mwaka 1999. Waamini walikuwa wameuza mali zao na kukabidhi viongozi. Mwaka 2000 ukafika, jua likachomoza kama kawaida. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya waamini, na watoto wao, waliungua ndani ya jengo la ibada ambalo milango na madirisha yalikuwa yamefungwa. Baadaye maiti nyingine zilifukuliwa kwenye nyumba za kundi hilo. Hesabu ile ilikuwa wazi tangu mwanzo kwa anayesoma Mathayo 24:36, pale Yesu anaposema hakuna ajuaye siku wala saa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, Kenya, maiti zaidi ya 400 zilifukuliwa. Kiongozi anashitakiwa kwamba aliwafundisha watu wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Yeye anakana, na kesi iko mahakamani. Lakini makaburi yale yapo.

Maombi na dawa

Turudi kwa mama wa Kadutu. Aliambiwa kwamba kumeza dawa ni kukosa imani. Je, Biblia inafundisha hivyo?

Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Aliomba akilia, na Mungu akamjibu kupitia nabii Isaya kwamba atapona. Na Isaya alifanya nini baada ya kutoa neno hilo? Alisema walete andazi la tini, waliweke juu ya jipu. Iko katika 2 Wafalme 20:7. Ahadi ya Mungu na dawa ya kienyeji, siku moja, mkono wa nabii mmoja. Paulo alimwandikia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakumwambia "funga siku saba". Na mmoja wa rafiki zake wa karibu, Luka, anaitwa tabibu katika Wakolosai 4:14. Hakuna mahali Paulo alipomwambia Luka aache kazi hiyo.

Sisi tumelipa gharama ya kutenganisha vitu hivi viwili. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu 2287 kati ya 3470 waliougua. Wagonjwa wengine walipitia kwanza vyumba vya maombi, wakalala pamoja na wengine kwenye mkeka mmoja, wakawekewa mikono. Virusi vya ebola vinapita katika jasho, matapishi na damu. Havimwulizi mtu kama ameokoka. Mgonjwa wa kwanza kupatikana Goma, Julai 2019, alikuwa mchungaji aliyetoka Butembo, ambako alikuwa amehubiri na kuwawekea mikono wagonjwa. Hatumhukumu, huenda alifanya kwa upendo. Lakini upendo bila kujua haukuzuia ugonjwa.

Wakati huohuo dawa ilikuwepo. Moja ya dawa mbili zilizofaulu ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona ebola kule Kikwit mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki. Katika majaribio ya dawa hizo mbili, kati ya wagonjwa waliofika wakiwa bado na virusi vichache mwilini, karibu 9 kati ya 10 walipona. Kwa hiyo siku nne za kucheleweshwa kwenye chumba cha maombi hazikuwa kitu kidogo. Wachungaji wengi walielewa. Waliweka maji na klore mlangoni, wakakubali watu wapimwe joto, wakahubiri chanjo, wakaendelea kuomba. Imani yao haikupungua.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu hawaliangalii sana. Yesu alipowaponya wakoma, aliwaambia nini? Waende wajionyeshe kwa makuhani. Mathayo 8 na Luka 17 zinasema hivyo. Kufuatana na sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchunguza ngozi na kusema: huyu amepona, arudi kwa watu. Yesu hakusema "amini tu, usiende". Aliwatuma wakapimwe. Uponyaji wa kweli haukuogopa jicho la mchunguzi.

Matunda yanaonekana kwa nani?

Yesu alitoa kipimo kingine: mti unajulikana kwa matunda yake, Mathayo sura ya 7. Wengi wanaposikia "matunda" wanafikiri miujiza, umati, gari ya pasta. Lakini Yesu katika sura ileile anasema siku ya mwisho watu watakuja wakitaja unabii waliotoa na pepo waliofukuza, na atawaambia hakuwajua. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 13 inaonya kwamba hata ishara ikitokea kweli, kama mwenye ishara anawapeleka watu mbali na Mungu, wasimfuate. Muujiza peke yake si stempu ya Mungu.

Matunda tuyatafute kwa walio wadogo. Mafundisho yanamfanya nini mtoto, mjane, mgonjwa?

Tuangalie watoto wanaoitwa wachawi. Mara nyingi ni yatima anayeishi kwa baba mdogo, ao mtoto wa mke wa kwanza, ao anayekojoa kitandani, ao mwenye kifafa. Nyumba ina shida, mtu anakufa, kazi inapotea. Nabii anasema: "Adui iko ndani ya nyumba." Mtoto anapelekwa kwa "ukombozi". Mashirika ya haki za binadamu yameandika kwa miaka mingi yanayofanyika huko: mtoto ananyimwa chakula na maji siku kadhaa, anapigwa, anatiwa pilipili machoni mpaka akubali. Kisha anaishia barabarani. Wazee wa kike nao hawaachwi. Mwaka 2021, Kivu ya Kusini, wakiwemo watu wa eneo la Kalehe, wanawake waliuawa na makundi ya watu baada ya kutajwa kuwa wachawi. Waliowataja, mara nyingine, ni wanawake wa maombi wanaoitwa bajakazi.

Sheria ya nchi iko wazi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inatoa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 na faini. Pasta hana ruhusa ya pekee hapo. Na kwa Mkristo, sheria ya Yesu iliandikwa kabla: aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto, akawakumbatia na kuwabariki. Hakuna hata mahali pamoja katika Injili ambapo Yesu anamshitaki mtoto. Alipoletewa mvulana mwenye kuanguka na kutoa povu, alimponya na kumrudisha kwa baba yake. Alimrudisha nyumbani, hakumtupa barabarani.

Feza na mbegu

Kutoa sadaka si dhambi, na mchungaji anakula kama watu wengine. Paulo aliandika katika 1 Wakorintho 9 kwamba anayehubiri Injili ana haki ya kuishi kwa Injili. Tusimnyime pasta chakula kwa kisingizio cha makala haya.

Tofauti iko pale neno la Mungu linapopewa bei. "Panda mbegu ya dola 100, nabii aone mambo yako." Naamani, jemadari wa Shamu, alipoponywa ukoma, alimletea Elisha feza na nguo nyingi. Elisha alikataa kabisa. Mtumishi wake Gehazi alikimbia nyuma ya gari la Naamani, akasema uongo, akachukua. Ukoma wa Naamani ukamshika Gehazi. Simoni mchawi, katika Matendo sura ya 8, alitaka kununua nguvu ya Roho kwa feza, na Petro alimkemea vikali.

Wakristo wa mwanzo walikutana na shida hii mapema. Kuna kitabu kidogo kinachoitwa Didake, ambacho wataalamu wengi wanakiweka karibu na mwisho wa karne ya 1. Kinawafundisha waamini namna ya kupokea manabii wanaosafiri. Anayekaa siku tatu, kitabu kinamwita nabii wa uongo. Nabii anayesema "ninyi nipeni feza" kana kwamba Roho ndiye anayeomba, wasimsikilize. Lakini akiomba kwa ajili ya maskini, wasimhukumu.

Kuna na swali la hesabu. Paulo alipokusanya msaada kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakubeba mfuko peke yake. 2 Wakorintho sura ya 8 inaeleza kwamba makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri pamoja nao, ili mtu asiwalaumu juu ya feza ile. Basi ukiuliza "fungu la kumi letu linafanya nini?", humtukani mtu. Unamwomba pasta afanye kama Paulo.

Kwa hiyo mama afanye nini?

Kwanza, asiamue usiku uleule. Neno la Mungu halikimbii asubuhi. Anayekuambia "sasa hivi, la sivyo baraka inapita" anaogopa ukifika nyumbani utafikiri.

Pili, asiwe peke yake. Amwambie mume, dada, mkristo mzee anayemwamini, hata wa kanisa lingine. Mafundisho yanayosema "usimwambie mtu" ao "achana na familia yako" yanataka kukutenga ili usisikie sauti nyingine.

Tatu, aulize kwa heshima. Si lazima kugombana. Anaweza kusema: "Pasta, nimesikia neno. Nionyeshe mahali liko katika Biblia, tusome pamoja sura yote." Pasta wa kweli atafurahi, ndiyo kazi yake. Atasoma naye, ao atasema "mama, ngoja nitafute". Anayekasirika, anayetoa laana, anayemtaja Jumapili mbele ya watu, amekwisha kujibu swali. Na kama ni mtoto anayeteswa, asingoje majibu ya mtu: amtoe pale, aende kwa polisi wa kulinda watoto, kwa mkubwa wa mtaa, ao kwa shirika la ulinzi wa watoto lililo karibu.

Nne, kama atatoka katika kanisa lile, asione haya. Wengi waliodanganywa hawakuwa wajinga. Walikuwa na maumivu. Sisi majirani tusiwacheke. Anayechekwa anarudi kwa aliyemdanganya, juu kule angalau wanamwita mama.

Na vidonge? Aendelee kumeza kama daktari alivyoagiza, na aende kwenye kituo cha afya kupimwa. Tansio haina kelele; mtu anaweza kujisikia mzima huku inapanda, mpaka siku inamwangusha. Kujisikia vizuri baada ya maombi si kipimo. Mashine ndiyo kipimo, na daktari peke yake ndiye wa kupunguza ao kuondoa dawa. Kama Mungu amemponya kweli, mashine itasema, daktari atashangaa, na mama atakuwa na ushuhuda usio na shaka wa kupeleka Jumapili. Wale wakoma walipimwa na makuhani, na hawakupoteza kitu.